Kitovu kilitoka kabla ya mtoto: yaliyonikuta Rungwe, na wa kwanza niliyempoteza

MamaSweta_Rungwe

Habari za jioni wakuu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita tulizika kichanga hapa kijijini, na jikoni msibani nikawasikia wamama wakilitamka lile neno ambalo mimi niliambiwa mwaka 2014: "Kitovu kilimnyonga." Halafu macho yote yakamgeukia mama wa marehemu, binti mdogo tu, kana kwamba yeye ndiye aliyekifunga. Usiku ule sikulala.

Kazi yangu ni kufuma sweta. Huku kwetu upande wa Isongole, Juni na Julai baridi inauma mpaka kwenye meno, kwa hiyo sweta zinaondoka. Mimba yangu ya kwanza niliifikisha mwisho nikiwa na sindano mkononi. Chupa ilipasuka jioni, saa 4 usiku nikawa nimeshapokelewa leba. Mkunga akaniwekea ile pembe tumboni, akasikiliza, akaandika, akasema mtoto mzima. Baada ya hapo hadi alfajiri hakuna aliyerudi na pembe. Tulikuwa wazazi wengi, wakunga wawili. Sitaji ni hospitali gani, na siandiki kuwashtaki. Nasema tu kwamba kuanzia saa 4 usiku mpaka kunakucha hakuna aliyeusikiliza moyo wa mwanangu.

Alfajiri maji yakawa ya kijani, mazito. Nikamwambia mmoja aliyepita, akaniambia nivumilie. Mtoto alitoka saa 12 na nusu asubuhi, kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Alikuwa mweupe, amelegea, hakulia. Wa kike.

Nilipotoka hospitali mama mkwe akaniambia, "Nilikukataza kufuma. Nyuzi zile ndizo zilizomfunga mtoto." Nikaamini. Sindano nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaziweka juu ya dari, miaka minne sikuzigusa.

Mimba ya pili ikaja, na kliniki wakaniambia tumbo ni kubwa kuliko wiki zangu, maji ni mengi, na kichwa cha mtoto bado kinaelea, hakijashuka kwenye nyonga. Nesi wa zahanati yetu alinishika mkono akanieleza polepole: "Chupa yako ikipasuka kabla ya uchungu, usikae kutafuta kanga. Njoo. Na ukihisi kitu kimetoka mbele ya mtoto, piga magoti, mtu anipigie simu." Mwenzenu nikaitikia kama tunavyoitikia kliniki, ili foleni isogee.

Ilikuwa Machi, mvua ya Rungwe mnaijua. Nimekaa kwenye kigoda nikigeuza viazi jikoni, chupa ikapasuka, maji yakamwagika kama ndoo imepinduka. Na pamoja na maji kikaja kitu. Cha vuguvugu, kinateleza, kimejisokota kama kamba ya katani iliyolowa. Kikaning'inia pajani. Wifi yangu akamulika kwa tochi ya simu: cheupe, ndani kinaonekana mshipa wa bluu. Kilichonitetemesha ni kwamba kilikuwa kinapiga. Pajani mwangu nilihisi tup, tup, tup, haraka kuliko moyo wangu mimi.

Wifi alitaka kukirudisha ndani kwa mkono. Namshukuru Mungu alimpigia nesi kwanza. Nesi akamwambia: usikirudishe, usikishikeshike, mwambie apige magoti, kifua chini kabisa, makalio juu, asisukume. Jirani ana Noah. Wakakunja viti vya nyuma, wakatandika godoro, nikapanda nimeinama kama ninayesujudu, kanga safi imefunika kile kitovu kisipigwe na baridi. Tulipofika zahanati nesi alikuwa amesimama barabarani kwenye mvua, glavu mkononi. Akapanda nyuma kwangu, akaingiza vidole, akakisukuma kichwa cha mtoto juu, akakishikilia hapo hapo.

Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Tope mpaka tukaishika lami, lori za viazi zimetutangulia, dereva anapiga honi na kuwasha taa. Kila uchungu ulipokuja kichwa kilishuka na nesi akakisukuma tena, huku anahesabu kwa sauti mapigo anayoyahisi kwenye kitovu. Kuna uchungu mmoja alinyamaza. Nikamuuliza, "Bado?" Akasema, "Yamepungua. Inamisha kifua zaidi." Nikainamisha mpaka pua ikagusa bodi ya gari. Akaanza kuhesabu tena.

Alibaki na mkono ndani hadi kwenye meza ya upasuaji, na daktari akamtoa mtoto yeye akiwa bado chini ya shuka. Alipotoa mkono vidole vilikuwa vimegoma kukunjuka. Alivinyoosha kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

Mtoto hakulia papo hapo. Walimfuta, wakamwekea barakoa ndogo wakamminyia hewa kwa mfuko, kisha nikasikia sauti nyembamba kama ya paka. Sasa yuko shule ya msingi, ana kelele nyumba nzima.

Siku ya tatu nilimuuliza nesi kuhusu yule wa kwanza na nyuzi za sweta. Alichonijibu ndicho kilichonifanya nifungue mada hii. Alisema: "Mama, mtoto tumboni hapumui kwa koo. Mapafu yake yamejaa maji. Hewa yake yote inapita kwenye kitovu. Kwa hiyo hanyongwi kwa shingo kubanwa. Anachokosa ni damu, pale kitovu chenyewe kinapobanwa, kiwe shingoni, kiwe kati ya kichwa na nyonga, kiwe chini ya bega. Na hilo haliletwi na nyuzi. Linasikika kwenye moyo wake, kama kuna anayesikiliza."

Wamama wenzangu mliopoteza, hamkumfunga mtoto. Na ninyi mnaotarajia, naomba tuelezane nini cha kuangalia. Wataalamu mlio humu karibuni.

---

Mkunga_NyandaZaJuu

Pole sana dada, na ahsante kwa kuandika. Mimi ni mkunga, nafanya kazi mkoa wa Iringa. Huyo nesi mwenzangu popote alipo Mungu amzidishie. Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa.

Niongeze kidogo kwa faida ya wasomaji. Kitovu cha mtoto aliyetimia kina urefu wa kama sentimita 50 hadi 60. Ndani kuna mishipa mitatu: mmoja mpana unaompelekea mtoto damu yenye hewa kutoka kwenye kondo la nyuma, na miwili midogo inayorudisha damu iliyotumika. Imezungukwa na ute mzito kama jeli, uliopewa jina la daktari Mwingereza Thomas Wharton aliyeuandika mwaka 1656. Ute huo na ule msokoto dada aliouona ndio ulinzi wa mishipa: ukibonyeza kidogo, kinabonyea na kurudi. Maji ya uzazi nayo ni kinga. Ndiyo maana maji yakiwa machache mno, au chupa ikishapasuka, kitovu hubanwa kirahisi zaidi.

Mkandamizo ukianza, mshipa ule mpana ndio wa kwanza kulala, maana kuta zake ni laini. Ukizidi, na ile miwili inafuata, na moyo wa mtoto unashuka ghafla. Ukiachia, moyo unapanda. Hili hutokea kwa watoto wengi wakati wa uchungu, na mtoto mwenye afya huvumilia, kwa sababu kati ya uchungu mmoja na mwingine anapata nafasi ya kuvuta nguvu. Hatari ni pale anapobanwa mara kwa mara bila kupumzika, au anapobanwa moja kwa moja. Hapo ndipo tunasema mtoto amechoka. Anaweza kujisaidia humo ndani, maji yakawa ya kijani, akayavuta mapafuni. Ubongo ukikosa hewa kwa muda mrefu, akipona anaweza kubaki na degedege au mtindio wa ubongo.

Kuhusu binti yako wa kwanza dada, sitakudanganya kwamba najua kilichomuua. Kitovu shingoni tunakikuta kwa karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne au watano tunaowazalisha, na wengi sana wanalia kama kawaida. Tunakipitisha juu ya kichwa, tunaendelea. Mtoto akifa, kitovu kinalaumiwa kwa sababu kinaonekana kwa macho. Zile saa ambazo hakuna aliyesikiliza hazionekani.

---

MamaSweta_Rungwe

Mkunga, hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Ahsante.

---

Neema_Mwanjelwa

Pole dada yangu, nimelia humu ofisini. Mimi nina wiki 31. Juzi nimefanya altrasaundi hapa mjini, wameniandikia kitovu kiko shingoni. Tangu hapo silali. Mume wangu anasema tuombe upasuaji mapema tusisubiri. Mkunga nisaidie.

---

Mkunga_NyandaZaJuu

Neema mdogo wangu, lala. Wiki 31 mtoto bado ana nafasi ya kuogelea, anajizungusha na kujizungurua. Anaweza kuwa nacho leo na kesho hana. Kitovu shingoni peke yake si sababu ya upasuaji, na upasuaji nao una hatari zake kwako na kwa mimba zijazo.

Kazi yako wewe ni kumjua mtoto wako anavyocheza. Kila mtoto ana saa zake, mwingine mchana katulia, usiku anakunyima usingizi. Akibadilika, akipunguza kucheza kuliko alivyokuzoesha, usinywe maji ya baridi ukasubiri kesho. Nenda siku hiyo hiyo wakasikilize moyo. Kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Ukipimwa uliza, "Ni mangapi?" Ni haki yako kuambiwa.

---

Kijana_wa_Makete

Shikamooni wamama. Sisi huku milimani ukitoka kijijini kwetu mpaka hospitali yenye upasuaji ni safari kwelikweli, masika ndiyo usiseme. Mke wangu ana wiki 34. Kliniki wamesema mtoto ametanguliza makalio. Sikujua kama hilo lina uhusiano na kitovu hadi nilivyosoma hapa. Halafu mama yangu ameshaandaa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu ili asichelewe. Naombeni mnieleze bila kunificha.

---

Mkunga_NyandaZaJuu

Marahaba mwanangu. Umeuliza mambo mawili, yote mazito.

Kichwa cha mtoto kikishashuka vizuri kinaziba njia kama kizibo. Makalio, na zaidi miguu, haizibi sawasawa, kwa hiyo chupa ikipasuka kitovu kinapata upenyo wa kuteleza mbele. Ni hivyo hivyo kwa mtoto aliyelala mkingamo, kwa njiti, kwa maji mengi kama ya dada, na kwa pacha wa pili baada ya wa kwanza kutoka. Kitovu kutangulia si jambo la kila siku, ni kama uzazi mmoja hadi sita katika kila 1,000. Ila kikitokea dakika zinahesabiwa. Wiki 34 mtoto bado anaweza kugeuka mwenyewe, kwa hiyo wiki ya 36 apimwe tena. Akiwa bado kakaa, mke wako asingojee uchungu kijijini. Mpeleke mapema akae karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji, iwe kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama ipo.

Dawa ya uchungu: mweleze mama yako kwa heshima, lakini asinyweshwe. Nilisema mtoto anavuta nguvu kati ya uchungu na uchungu. Dawa ile haina kipimo. Inaweza kuufanya uchungu ufuatane bila kupumzika, kitovu kibanwe na kisiachiwe. Hata sisi hospitalini dripu ya uchungu tunaihesabu matone, na moyo wa mtoto ukishuka jambo la kwanza ni kuifunga ile dripu, tunamlaza mama kwa ubavu wa kushoto, tunaangalia kama kuna kitovu kimetangulia.

---

Bibi_Kilolo

Kamwene wote. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia hapa. Nimezalisha wanawake kijijini zamani kabla zahanati haijafika. Nataka kusema neno kwa niaba ya mama mkwe wa huyu binti wa sweta. Sisi tulikataza kamba, mikufu, kufuma, kuinua mikono juu, tulikatazwa na mama zetu. Tulikuwa tunaona mtoto kafa na kamba shingoni, hatuna kifaa, hatuna wa kutueleza, tukatafuta kamba iliyofanana nayo. Hatukuwa wabaya. Lakini nimesomewa haya yote na nimeelewa. Wako wanawake niliowaambia maneno hayo. Wawili bado wapo hai, nitawafuata.

---

MamaSweta_Rungwe

Shikamoo bibi. Nimepokea. Mama mkwe wangu alifariki kabla hatujazungumza, ila nadhani naye alikuwa anatafuta tu pa kuuweka ule uchungu. Yule mtoto alikuwa amepewa jina lake.

Sindano zangu nilizishusha darini wiki ile ile nilipotoka hospitali na huyu wa pili. Sweta yake ya kwanza niliifuma mwenyewe, nyeupe na kijani.

---

Fundi_Uyole

Dada, samahani, mimi naona hospitali haina budi kulaumiwa zaidi kuliko ulivyofanya hapa. Saa nane bila kusikiliza moyo?

---

Mkunga_NyandaZaJuu

Kaka Fundi, sitetei. Utaratibu uko wazi: uchungu ukishakolea, moyo wa mtoto unasikilizwa kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, na mama akianza kusukuma ni kila dakika 5. Tena usikilize dakika nzima, ukianza uchungu unapokwisha, maana hapo ndipo unamkamata mtoto anayechelewa kurudi. Pembe ya kusikilizia haihitaji umeme wala betri. Saa nane ni kosa.

Nawaambia pia ukweli wa zamu ya usiku. Nimewahi kuwa peke yangu na akina mama sita, mmoja anatoka damu. Huwezi kuwa na masikio sita. Ndiyo maana nawasihi ndugu: mama, au anayemsindikiza pale anaporuhusiwa, aseme kwa upole, "Sista, naomba unisikilizie mtoto, nusu saa imepita." Sijawahi kumkasirikia mama aliyeniambia hivyo. Mara moja mama aliniita, nikasikiliza, moyo ulikuwa 80 na haupandi. Tuliwahi. Asingeniita ningekuwa bado nashona mwingine kitanda cha pili.

---

Kijana_wa_Makete

Mama mkunga, swali la mwisho. Je, ikitokea njiani na mke wangu hawezi kupiga magoti, labda amechoka au gari ni dogo?

---

Mkunga_NyandaZaJuu

Mlaze ubavu wa kushoto, kichwa kiwe chini, weka mito au mablanketi yaliyokunjwa chini ya nyonga ili makalio yawe juu kuliko kifua. Lengo ni lile lile, mtoto asikilalie kitovu. Asisukume. Kitovu kisirudishwe ndani, kisivutwe, kisikatwe. Kikishikwashikwa au kupata baridi mishipa yake hujikaza yenyewe, damu ikapungua zaidi. Kifunike kwa kitambaa safi, basi. Asile wala kunywa, maana anaweza kuhitaji upasuaji.

Na kabla hamjawasha gari piga 115, ni bure, ndiyo namba ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Dada kipindi chake ilibidi ategemee Noah ya jirani. Waambie kwa maneno haya haya: "Kitovu kimetangulia." Wanaokupokea wakisikia hivyo wataandaa chumba cha upasuaji ninyi mkiwa bado njiani. Na ukifika usijiunge na foleni ya mapokezi.

Jambo moja zaidi: kitovu kikiwa hakipigi tena, bado nendeni. Wewe wa kwenye gari huwezi kuhukumu kwa kidole. Wakasikilize kwa dopla, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, au altrasaundi ndipo waseme.

---

Neema_Mwanjelwa

Mkunga, nimerudi kliniki leo. Nimeuliza ni mangapi, nesi akacheka akasema 144, akaniandikia kwenye kadi. Nitalala.

---

Kijana_wa_Makete

Nimeongea na mama. Alinuna mpaka jioni, kisha nikamsomea ya Bibi wa Kilolo. Dawa amemwaga mwenyewe. Tumekubaliana mke wangu aende kwa dada yake mjini akiingia wiki ya 37 kama mtoto hajageuka. Maelezo ya mama mkunga nimeyanakili kwenye karatasi, nimeibandika nyuma ya mlango wa chumba: magoti, kifua chini, usirudishe, 115. Chini yake nimeandika namba ya jirani mwenye gari. Mdogo wangu wa darasa la sita nimemfanya aisome kwa sauti mara mbili.